Intaneti ya Nyumbani kwa Laini ya Simu, Nje ya Mji: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa mtu aliyejenga Pemba Mnazi, Msongola, Mkuranga au Kisarawe, mahali ambapo faiba (waya wa intaneti) haijafika na huenda isifike karibuni. Ni pia wa wale wanaoishi hapa Dar es Salaam na wanataka kuwafungia wazazi intaneti kijijini. Kazi yangu ni kufunga ruta na antena, na haya ndiyo maswali ninayoulizwa na wateja. Nimejibu kwa urefu pale ambapo watu hupoteza pesa zao, na kwa ufupi pale ambapo jibu ni fupi.

Kwa nini nitegemee laini ya simu wakati faiba ndiyo bora?

Faiba ni bora, hilo halina ubishi. Ikipita mlangoni kwako na bei unaimudu, ivute. Ila faiba ya majumbani hufuata nyumba zilizobanana, kwa sababu kampuni inavuta waya pale inapoona wateja wengi ndani ya mita chache. Nyumba moja katikati ya eka tano za mikorosho hailipi gharama ya kuvutiwa waya. Mnara mmoja wa simu unahudumia vitongoji kadhaa bila kuchimba mtaro kwenda kwa kila mtu.

Tena njia ya nyuma ni ileile. Nyaya za chini ya bahari, SEACOM tangu 2009 na EASSy tangu 2010, zinatua hapa hapa Dar es Salaam. Kutoka hapo Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano na nyaya za kampuni zinapeleka data mikoani, na minara inaunganishwa kwa faiba au kwa yale masahani ya mviringo unayoyaona yamefungwa mnarani. Tofauti yako na mtu wa Masaki ni kipande cha mwisho, kati ya mnara na sebule yako. Na kipande hicho, kwa sehemu kubwa, kiko mikononi mwako: ruta umeiweka wapi, antena iko juu kiasi gani, waya ni wa aina gani, umeme unatoka wapi. Nyumba nyingi ninazoitwa kwa malalamiko kwamba "mtandao wa huku haufai" zina mtandao. Haujaingizwa ndani tu.

Nitajuaje kama eneo langu linafaa kabla sijanunua ruta?

Pima. Usinunue chochote kabla ya kupima, hata kama duka lina ofa inayoisha leo.

Mistari ya mtandao kwenye simu haitoshi. Kila kampuni ya simu inaichora kivyake, na mistari minne kwenye simu moja inaweza kuwa miwili kwenye nyingine mahali palepale. Kinachotakiwa ni namba. Kwenye simu ya Android pakua programu ya bure ya kupima minara, mfano CellMapper. Kwenye iPhone piga *3001#12345#* na ukurasa wa vipimo utafunguka. Utaona herufi nyingi, lakini mbili ndizo za kuzishika: RSRP na SINR.

RSRP ni nguvu ya mawimbi yanayokufikia, inayopimwa kwa desibeli. Huandikwa kwa alama ya kutoa, kwa hiyo namba iliyo karibu na sifuri ndiyo bora. Ukipata -85 au namba iliyo karibu zaidi na sifuri, kama -70, uko pazuri sana. Kati ya -85 na -100 unaishi vizuri bila antena. Kati ya -100 na -112 hivi, antena ya nje itabadilisha maisha yako. Ukishuka chini ya -115, jiandae kusimamisha mlingoti mrefu.

SINR ni usafi wa mawimbi, yaani ni kiasi gani unachokitaka kinazidi kelele za minara mingine. Juu ya 20 ni safi kabisa, kati ya 10 na 20 ni vizuri, chini ya 5 ni shida, na ikiwa chini ya sifuri kurasa zitakuwa zinazunguka tu.

Sasa zunguka nyumba. Pima sebuleni, pima varandani, pima kila pembe ya nje. Panda ngazi upime usawa wa paa. Fanya hivyo kwa laini za mitandao yote unayoweza kuazima kwa majirani na ndugu. Kisha rudia usiku kati ya saa mbili na saa nne, wakati kila mtu yuko mtandaoni, na safari hii pima spidi pia. Namba hizo ziandike. Fundi yeyote mwenye nia njema ataziomba kabla ya kukutajia bei.

Mtandao gani ndio mzuri?

Swali hili halina jibu la nchi nzima, wala la wilaya nzima. Vodacom, Airtel, Yas (iliyokuwa Tigo), Halotel na TTCL kila mmoja ana minara yake au sehemu yake kwenye mnara wa kukodi, na anayetamba Chanika sokoni anaweza kuwa wa mwisho kilomita mbili mbele. Uliza jirani wa karibu kabisa, kisha pima mwenyewe. Ukipata mitandao miwili inayolingana, chukua ule ambao spidi yake ya usiku haishuki sana.

Mbona simu inaonyesha 4G mistari yote, lakini kurasa hazifunguki?

Sababu kubwa ni mbili. Ya kwanza ni SINR mbaya, hasa mahali unapoonwa na minara mitatu au minne kwa nguvu inayokaribiana. Hili hutokea sana kwenye miinuko kama ya Pugu na Kisarawe, na pia ufukweni, ambako mawimbi husafiri mbali juu ya maji na ruta hujikuta imeng'ang'ania mnara wa mbali. Antena inayoelekezwa upande mmoja hutibu tatizo hilo, kwa kuwa inausikiliza mnara mmoja na kuwapa mgongo wengine.

Ya pili ni msongamano. Mnara wa kawaida umegawanywa pande tatu, na kila upande una uwezo wake. Chaneli ya 4G yenye upana wa MHz 10, na antena mbili kila upande, mwisho wake kinadharia ni kama megabiti 75 kwa sekunde. Hizo si zako peke yako, ni za kila mtu aliye upande huo wa mnara. Saa nane usiku unaweza kupata 40, saa tatu usiku ukapata 3. Antena haiongezi uwezo wa mnara, ingawa yenye mawimbi safi hutumia vizuri zaidi kile kidogo kinachogawanywa. Mnara ukishajaa, jaribu masafa mengine ya mtandao huohuo (ruta nyingi zina sehemu ya kuchagua), au jaribu mtandao mwingine.

Nitafute 4G au 5G?

Huduma ya 5G ilianza Tanzania mwaka 2022, na ikikufikia ni tamu. Ila sehemu kubwa yake hutumia masafa ya juu kama MHz 3500, ambayo hayaendi mbali na hayapendi ukuta wala majani. Masafa ya chini, MHz 700, 800 na 900, ndiyo yanayofika shambani na kupenya ndani. Nje ya mji nunua ruta nzuri ya 4G kwanza. Ya 5G nunua kama simu ya 5G imeshakuonyesha namba nzuri pale pale nyumbani kwako.

Kariakoo nikifika, niulizie ruta ya namna gani?

Uliza mambo manne, na usione haya kumwambia muuzaji afungue boksi.

Kwanza bendi. Kila masafa yana namba: bendi 28 ni MHz 700, bendi 20 ni 800, bendi 8 ni 900, bendi 3 ni 1800, bendi 1 ni 2100, bendi 40 ni 2300, bendi 7 ni 2600. Ile programu ya kupimia imekwisha kukuonyesha simu yako inashika bendi ipi nyumbani. Ruta lazima iwe nayo. Madukani kuna ruta zilizotumika Marekani, zinauzwa rahisi na zinang'aa, lakini zilitengenezwa kwa bendi 12, 13 na 17 ambazo huku hazipo. Inawaka vizuri, inasoma laini, halafu shamba ni kimya.

Pili, iwe imefunguliwa kutumia laini zote. Ruta ya ofa ya kampuni mara nyingi imefungwa kwa mtandao mmoja. Kama umeshapima na mtandao huo ndio bora kwako, ichukue tu, ni nafuu. Kama bado unatafuta, utajifunga.

Tatu, matundu ya antena ya nje. Ruta ya mezani huwa na matundu mawili ya kusokota nyuma, yaitwayo SMA. Vile vidogo vya mfukoni vingi havina kabisa, na vikiwa navyo ni vitundu dhaifu vya kuchomeka ambavyo hulegea upesi. Kwa matumizi ya nyumba nzima, achana na kifaa cha mfukoni.

Nne, IMEI, yaani namba ya utambulisho wa kifaa. Iko chini ya ruta kwenye stika. Itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090 kabla hujalipa, uone majibu yanayorudi. TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, ilizima simu bandia kuanzia Juni 2016, na hupendi kununua kifaa chenye namba ya kubandika.

Antena ya nje inasaidia kweli, au ni biashara ya mafundi?

Inasaidia, mradi ifungwe kwa kupima.

Nieleze nyumba moja ya Mkuranga. Mwenyewe ni mwalimu mstaafu, ana bati, madirisha ya alumini na kuta nene za matofali ya saruji. Ruta ilikuwa juu ya kabati la TV. Pale RSRP ilikuwa -114 na SINR 1. Picha ya mwanawe wa Tabata kwenye simu ya video ilikuwa inaganda hadi wakaacha kupigiana video. Varandani ilikuwa -106. Desibeli nane zilikuwa zinamezwa na ukuta na bati tu.

Upande wa nyuma, mikorosho inaishia kama mita thelathini kutoka ukutani. Tukasimamisha bomba la chuma, antena ikakaa usawa wa kuzidi paa. Mimi niko kwenye ngazi nageuza bomba kwa mkono, yeye chini ameshika simu anasoma namba kwa sauti kama anaita mahudhurio.

"Mia na tatu. Mia na tatu. Mia moja."

"Asante Mwalimu, endelea kusoma."

"Tisini na saba... tisini na tano. Mia! Umepita, rudi kidogo, kijana wangu."

Tukakaza kwenye -95, SINR 14. Kilichomshangaza ni kwamba antena haikuelekea ule mnara wenye taa nyekundu anaouona kila usiku. Mnara ule haukuwa na mtandao wa laini yake. Wake ulikuwa upande mwingine, nyuma ya kijilima, wala hauonekani kwa macho.

Ndiyo maana nasema usielekeze antena kwa macho. Geuza polepole, nyuzi chache kwa wakati, ngoja sekunde kumi hadi kumi na tano kila unaposimama kwa sababu namba huchelewa kubadilika, kisha endelea. Zungusha duara nzima kabla ya kuamua. RSRP ikilingana pande mbili, chagua penye SINR kubwa. Mwisho pima spidi, kwa sababu hiyo ndiyo utakayoila.

Na antena iwe ya waya mbili. Mfumo wa 4G hupeleka mikondo miwili kwa wakati mmoja, na ruta ina matundu mawili kwa sababu hiyo. Ukifunga antena ya waya mmoja unaweza kupata RSRP nzuri zaidi na spidi mbovu zaidi, halafu ukalaumu mtandao.

Nikirefusha waya kutoka kwenye mlingoti hadi sebuleni kuna ubaya?

Upo, na hapa ndipo pesa nyingi hufia. Kila desibeli 3 zinazopotea ni nusu ya nguvu. Waya mwembamba unaokuja na antena za bei ya chini, ukiwa mita 10 kwenye MHz 1800, unaweza kumeza desibeli 5 au zaidi. Umenunua antena ya kuongeza 8, umebaki na 3. Waya mnene wa LMR-400 kwa mita hizohizo hupoteza kama 2 tu.

Kuna njia ninayoipenda zaidi, nayo ni ruta ya nje. Hii ni ruta na antena katika boksi moja lisiloingia maji, inafungwa juu ya mlingoti, na kinachoshuka ni waya wa mtandao wa kawaida unaopeleka data na umeme pamoja. Waya huo unaweza kwenda hadi mita 100 bila kupoteza kitu. Ndani unaweka Wi-Fi ya kawaida. Bei yake ni ya juu kuliko ruta ya mezani, lakini ukijumlisha antena nzuri, waya mnene na vichwa vyake, tofauti inapungua sana, na kazi yake ni safi.

Vipi kuhusu "buster" ya kuongeza mtandao?

Usinunue ya mtaani. Kifaa hicho hupokea mawimbi na kuyarusha upya kwenye masafa ya kampuni za simu, na kisipodhibitiwa kinachafua mnara mzima, majirani wote wanakosa mtandao. Vifaa vya mawasiliano vinatakiwa viwe vimeidhinishwa na TCRA, na cha kurusha mawimbi ya mtandao wa mtu kinahitaji ridhaa. Antena ya ruta ni kitu tofauti, haina shida hiyo.

Masika mtandao unakufa. Ni mvua?

Kwa masafa ya simu, mvua yenyewe haina nguvu hiyo. Matone hayazuii kitu cha maana kwenye MHz 800 wala 1800. Ukiona mtandao unazama wakati wa masika, tafuta kwingine.

Angalia majani. Mwembe au mkorosho uliolowa unameza mawimbi kuliko ukiwa mkavu. Antena iliyofungwa kiangazi ikipenyeza kati ya matawi itakuja kulia mwezi wa nne. Pandisha mlingoti au kata tawi.

Angalia viungio. Maji yakiingia kwenye kichwa cha waya, desibeli zinayeyuka na hazirudi hata jua likiwaka, kwa sababu kutu imeshaanza. Zungushia gundi ya mpira inayojivuta, kisha selotepu nyeusi juu yake, na acha waya uning'inie kidogo chini ya kiungio ili maji yadondoke kabla ya kufika.

La tatu halimo mikononi mwako: yale masahani yanayounganisha mnara na mnara hutumia masafa ya juu zaidi, na mvua kubwa inaweza kuyadhoofisha. Halafu umeme ukikatika muda mrefu, betri za mnara nazo huisha. Hapo RSRP yako itakuwa nzuri na intaneti hakuna, au mnara wote utapotea. Subiri.

Ninunue bando la GB ngapi kwa mwezi?

Anza na TV, kwa sababu ndiyo inayokula. Video ya ubora wa kawaida hutumia karibu GB 0.7 kwa saa. Video ya HD inaweza kufika GB 3. Familia inayoangalia saa mbili kwa siku itatumia kama GB 42 kwa mwezi kwa ubora wa kawaida, na GB 180 kwa HD, kwenye TV ileile na tamthilia ileile. Ingia kwenye mipangilio ya programu ya video, chagua 480p (ubora wa kawaida), na umeokoa zaidi ya antena yoyote. Kikao cha video cha kazini ni GB 1 hivi kwa saa. WhatsApp ya maandishi na sauti ni kidogo mno ukilinganisha.

Mitandao kadhaa sasa inauza vifurushi vya nyumbani vinavyolipiwa kwa spidi badala ya GB. Vikipatikana kwako na spidi ya usiku inavumilika, kwa nyumba yenye watoto navipendekeza. Uliza kabla: je, ukizidi kiasi fulani spidi inashushwa hadi ngapi? Na je, kinafanya kazi ukihamisha ruta mahali pengine?

Bando linaisha bila mtu kulitumia. Naibiwa?

Kabla ya kufika huko, fungua ukurasa wa ruta kwenye kivinjari, mara nyingi 192.168.8.1 au 192.168.0.1, utazame ni vifaa vingapi vimeunganishwa. Nenosiri la Wi-Fi husambaa kijijini upesi. Kisha tazama kompyuta: Windows hushusha masasisho makubwa kimyakimya, kwa hiyo iambie kwamba mtandao huu unalipiwa kwa kipimo. Simu zinazohifadhi picha na video zote mtandaoni zenyewe ni mlaji mwingine.

Ujumbe wa kukuarifu kwamba kifurushi kimefika asilimia 75, na kwamba kimekwisha, huenda kwenye laini iliyomo ndani ya ruta. Uko pale, kwenye sehemu ya ujumbe ya ukurasa wa ruta, na watu hawaufungui kamwe. Ukiwa na hoja bado, lalamika kwa kampuni kwanza uombe namba ya malalamiko, kisha ndipo uende TCRA.

Umeme ukikatika, au kama hakuna umeme kabisa?

Ruta ni kitu chepesi. Nyingi hutumia volti 12 na hula wati 8 hivi, yaani takriban wati-saa 190 kwa siku nzima. Kwa kukatika kwa saa chache, nunua betri ndogo ya ruta ya volti 12 inayokaa katikati ya chaja na ruta.

Kwa sola kamili: betri ya volti 12 yenye Ah 50 ina wati-saa 600. Kama ni ya asidi usitumie zaidi ya nusu, utabaki na 300, ambazo ni siku moja na nusu bila jua. Paneli ya wati 100 kwa jua letu la pwani inakupa wati-saa 300 na ushee siku nzuri, inatosha kuendesha na kujaza. Tumia waya wa moja kwa moja wa volti 12 kupitia kontrola ya sola. Usipitishe kwenye inveta, kwani yenyewe inakula umeme hata ikiwa haina kazi, na kwa mfumo mdogo hivi hasara hiyo ni kubwa. Volti ya betri hupanda hadi 14 inapochajiwa, kwa hiyo weka kidhibiti cha volti 12 kama chaja ya ruta yako haijaandikwa kwamba inavumilia.

Radi je?

Mlingoti wa chuma uunganishwe na ethi kwa waya mnene na nondo ya shaba iliyozama ardhini, njia fupi iwezekanavyo. Weka kifaa cha kukinga radi kwenye waya kabla haujaingia ndani. Ngurumo zikikaribia, chomoa waya wa antena na wa umeme. Hakuna kinga inayohimili radi iliyopiga hapo hapo, na mlingoti usiwe karibu na nyaya za umeme hata kidogo. Hilo la mwisho limeua watu.

Nimefunga kamera za ulinzi lakini nikiwa mjini sizioni.

Kwenye laini za simu, wateja wengi hushirikishwa anwani moja ya IP (anwani ya mtandaoni), kwa hiyo huwezi kuingia kwako kutoka nje kama kwenye faiba yenye anwani yake. Chagua kamera zinazojiunganisha zenyewe na seva ya mtengenezaji, unaziona kwa programu ya simu. Ziweke zirekodi kwenye kadi na zitume picha pale tu zinapoona mwendo, la sivyo zitameza bando lako lote.

Wi-Fi haifiki nyumba ya uani.

Vuta waya wa mtandao wa kukaa nje, uwekee huko Wi-Fi ya pili. Vile vya kuchomeka ukutani vya kuongeza Wi-Fi hugawa spidi na hushindwa na kuta zetu.

Naweza kuwauzia majirani?

Kumpa jirani nenosiri ni ukarimu wako. Kuuza kwa vocha ni kutoa huduma ya mawasiliano, na inahitaji leseni ya TCRA. Soma pia masharti ya kifurushi, vingi vya nyumbani vinakataza kuuza tena.

Antena juu ya paa inadhuru afya?

Ruta ya 4G hurusha kwa nguvu isiyozidi wati 0.2, sawa na simu yako. Inaposikia mnara vizuri hurusha kwa nguvu ndogo zaidi. Na antena iko juu ya paa, mbali na kichwa cha mtu kuliko simu iliyo sikioni.

Kijijini kwetu hakuna mnara wowote unaosomeka.

Kwanza hakikisha ni kweli: panda mahali pa juu kabisa na upime laini zote, ukizima 4G ya simu uone kama hata 2G ipo. Ikiwapo, huenda mlingoti mrefu ukavuta kitu.

Kama hakuna kabisa, kijiji kina haki ya kuomba. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, ulianzishwa kwa sheria ya 2006 ili kulipia sehemu ya gharama mahali ambapo kampuni haioni faida. Mei 2023 ulisaini mikataba na watoa huduma ya kujenga minara 758 katika kata 713. Ombi linapita serikali ya kijiji, kata na halmashauri, na linapata uzito likiwa na namba: kaya ngapi, shule ngapi, zahanati iko wapi, mtu anatembea umbali gani kupata mtandao. Msaidieni mtendaji kuandika hayo. Barua nyingi husema tu "tunaomba mnara", na mtu wa ofisini hana cha kushika.

Satelaiti ni njia nyingine. Ya zamani iliyo juu kilomita karibu 36,000 huchelewesha sauti kiasi cha kukera kwenye maongezi. Za karibu, kilomita mia kadhaa, hazina shida hiyo. Kabla ya kununua, ulizia TCRA kama mtoa huduma ana leseni hapa nchini.

Niko Dar, nataka kuwafungia wazazi kijijini. Nifanyeje wasihangaike?

Swali hili linanigusa, kwa sababu nimeona ruta nyingi nzuri zimefunikwa kitambaa juu ya kabati kwa kuwa hakuna aliyejua kujiunga bando.

Sajili laini kwa kitambulisho cha NIDA cha mtu atakayekuwepo, na kwa alama zake za vidole. Laini ikipotea au kuharibika ni yeye atakayetakiwa kufika dukani. Unaweza kupiga *106# kuhakiki laini zilizosajiliwa kwa namba yake. Andika namba ya laini ya ruta mahali pawili, kwako na ukutani kwao, maana ndiyo utakayotumia kuwanunulia bando ukiwa Dar.

Weka nenosiri la Wi-Fi ambalo mama anaweza kulitamka kwenye simu. Ziba kitufe cha kurudisha ruta upya kwa kukibandika selotepu nene, kwani watoto wa jirani hukigusa. Bandika karatasi yenye mambo matatu tu kwa maandishi makubwa: taa gani ikiwa nyekundu ina maana gani, jinsi ya kuzima na kuwasha, na namba yako ya simu. Mchague kijana mmoja wa karibu, mjukuu au mtoto wa shangazi, umwonyeshe ukurasa wa ruta na pale ujumbe unaposomeka.

Siku ya kufunga, kabla hujaondoka, mwache mzee mwenyewe azime, awashe, na akupigie video wewe ukiwa umesimama barabarani nje ya nyumba.